Swali la 4 la selimundu kwenye mtihani wa utamilifu: jibu ni 1/2 au 2/3?

#1 Chembe Hai
Habari za jioni wanajukwaa. Leo mchana tumemaliza karatasi ya pili ya Baiolojia katika mtihani wa utamilifu wa kidato cha sita, na tangu tulipotoka ukumbini bweni letu halikaliki kwa sababu ya swali la 4. Karatasi za maswali zilikusanywa pamoja na majibu, kwa hiyo naliandika kwa kumbukumbu. Baba na mama wote ni wabebaji wa jeni ya selimundu (ugonjwa wa kurithi ambao seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu), yaani AS kwa AS, A ikiwa jeni ya kawaida na S ya selimundu, mgonjwa akiwa SS, na mtoto wao wa kwanza ana ugonjwa. Kipengele (a) kilitaka tueleze badiliko lililotokea kwenye jeni. Kipengele (b) kilitaka tukokotoe uwezekano wa mtoto wa pili, ambaye ni mzima, kuwa mbebaji. Kipengele (c) kiliuliza kwa nini jeni yenye madhara makubwa namna hii haijatoweka Afrika, na (d) kilikuwa na mchoro wa elektroforesisi, yaani kutenganisha himoglobini kwa umeme ili zionekane kama mikanda, wa watu watatu. Kwenye (b) nimeandika 1/2. Jirani yangu wa kitanda cha juu ameandika 2/3 na ananicheka tangu saa kumi. Nani kati yetu amepoteza alama?

#2 Kijana wa CBG
Ni 1/2, wala usikose usingizi. Chora jedwali lako: AA moja, AS mbili, SS moja. Mbili kati ya nne ni nusu. Wanaosema 2/3 wanataka tu kuonekana wamesoma sana.

#3 Binti Usambara
Ndugu yangu wa CBG, jedwali lako ni sahihi ila umelisoma nusunusu. Swali limekwisha kutuambia kwamba mtoto wa pili ni mzima, kwa hiyo chumba cha SS hakimhusu tena, na kinafutwa kabla hatujaanza kuhesabu. Vinabaki vyumba vitatu, kimoja cha AA na viwili vya AS. Jibu ni 2/3. Ukiwa na maembe manne kikapuni, mawili mabivu, moja bichi na moja bovu, kisha nikakutolea moja na kukuhakikishia kwamba si bovu, huwezi kuendelea kugawanya kwa nne kana kwamba lile bovu bado linaweza kuwa mkononi mwako.

#4 Sina Haraka
Maembe yako matamu, dada, lakini unajenga juu ya neno ambalo mimi sikuliona. Ninavyokumbuka, swali lilimtaja mtoto wa pili atakayezaliwa, na halikusema lolote kuhusu afya yake. Kama bado hajazaliwa, vyumba vyote vinne vinabaki na jibu la mleta mada ni sahihi. Nilikaa safu ya mbele na nililisoma swali hilo mara tatu.

#5 Mgeni wa Bweni
Kukaa mbele hakuongezi kumbukumbu. Mimi niliyekaa nyuma nakumbuka wazi kwamba kulikuwa na maneno ya kumtaja mtoto asiye na ugonjwa, kwa sababu niliyapigia mstari kwa penseli, msimamizi akaja kunikumbusha kwamba karatasi ya maswali haichorwi. Mimi ndiye huyo jirani wa kitanda cha juu, Chembe Hai, na bado nacheka.

#6 Mkaa Moto
Nyinyi mnabishana, mimi nimefika kwenye 2/3 bila kufuta chumba chochote. Nilifikiri hivi: kwa wazazi AS na AS, mtoto mmoja kati ya wanne huugua. Huyo mmoja ameshapatikana, ndiye yule wa kwanza. Waliobaki ni watatu, AA mmoja na AS wawili, kwa hiyo ni 2/3. Natumaini alama zangu zote ziko salama.

#7 Binti Usambara
Salaam zako nimezipokea, lakini tafadhali usiseme kwamba tumeandika jibu moja. Umefika nyumbani kwangu kwa kupitia dirishani. Robo hiyo si mgawo wa watoto wanne wanaopangiwa zamu, kwamba mmoja akishachukua ugonjwa wenzake wamepona. Kila mimba huanza upya na robo yake yenyewe, awe ni mtoto wa kwanza au wa tisa. Kama mtahini alitaka hatua, na kwa kawaida hutaka, hatua zako zitakugharimu.

#8 Mama wa Watatu
Naomba niingilie, wanangu, ingawa nilimaliza shule zamani na sikufanya mtihani wenu. Bandiko namba 6 limenirudisha mbali sana. Mimi na mume wangu ni AS wote wawili na hatukujua, mpaka mtoto wetu wa kwanza alipofika miezi saba akaanza kuvimba vidole vya mikono na miguu na kulia usiku kucha. Baada ya kipimo tuliambiwa kwamba ni mmoja kati ya wanne, na hakuna aliyetufafanulia zaidi. Tukahesabu kama alivyohesabu kijana huyu: mmoja ameshaumwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Tulizaa wa pili kwa furaha kabisa, naye akawa SS. Ni muuguzi wa kliniki nyingine aliyetukalisha chini akatueleza kwamba mimba ya pili haikujua lolote kuhusu ya kwanza. Wa tatu ni AS. Kwa hiyo, mwanangu Mkaa Moto, hata mtahini asipokukata alama, njia hiyo iache.

#9 Mkaa Moto
Asante sana mama, nimeelewa. Poleni kwa mliyopitia, na Mungu awape watoto afya.

#10 Kijana wa CBG
Pole mama. Naomba kuuliza kitu ambacho darasani tulikipita haraka: kama mtoto alizaliwa na SS, kwa nini dalili zilisubiri hadi miezi saba?

#11 Dada wa Maabara
Nafanya kazi maabara, naomba nijibu hili. Himoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya kichanga, ambayo ina minyororo miwili ya alfa na miwili ya gama. Selimundu ni hitilafu ya mnyororo wa beta, kwa hiyo himoglobini ya kichanga haiguswi. Baada ya kuzaliwa mnyororo wa beta huichukua nafasi ya gama taratibu, na karibu na nusu mwaka kinga hiyo inakuwa imepungua kiasi cha kuruhusu dalili. Hii ndiyo sababu dawa ya haidroksiyurea, ambayo huongeza himoglobini ya kichanga, huwasaidia wagonjwa wengi. Kuhusu (b) siingii ugomvi wenu. Nasubiri mtu aseme alichoandika kwenye (d), kwa sababu hapo wanafunzi wengi huanguka.

#12 Sina Haraka
Kabla ya (d), tumalize (a). Niliandika kwamba herufi za DNA GAG zimekuwa GTG, na asidi ya glutamiki katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta ikabadilishwa na valini. Jirani yangu ameandika CTC kuwa CAC na anadai kwamba mimi nimekosa.

#13 Mswahili wa Kilifi
Hakuna aliyekosa kati yenu. DNA ina nyuzi mbili. Wewe umeandika uzi unaofanana na ujumbe wa RNA, mwenzako ameandika uzi ule mwingine unaosomwa wakati ujumbe unatengenezwa. Kwenye RNA yenyewe ni GAG kuwa GUG. Mkosaji atakuwa yule aliyechanganya, akaandika kwa mfano CTC kuwa GTG. Sisi huku Kenya mwalimu wetu alikuwa akikata alama pale tu ambapo mwanafunzi hakutaja ni uzi upi.

#14 Mgeni wa Bweni
Na aliyeandika nafasi ya 7? Yupo mmoja hapa bwenini, anaapa kwamba ameliona kwenye desa.

#15 Mswahili wa Kilifi
Huyo naye ana pa kujitetea. Ujumbe wa RNA huanza na AUG, inayoleta methionini, na methionini hiyo huondolewa baadaye. Ukiihesabu, badiliko linaangukia nafasi ya 7. Ukiiacha, ni ya 6. Vitabu vya shule vinasema 6, na mwongozo wa kusahihisha huenda unasema 6, ila kumwita mjinga itakuwa dhuluma.

#16 Kijana wa CBG
Kwa hiyo katika uzi huu kila mtu yuko sahihi isipokuwa mimi.

#17 Mwalimu Mstaafu
Nimesoma mabandiko yote na nimefurahi kuona vijana mnagombania hoja badala ya matokeo. Nimefundisha somo hili kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo niruhusuni niongeze jambo ambalo naona mnalizunguka. Neno "mzima" mnalolitumia halina maana moja. Ukitazama ugonjwa, aleli (yaani aina ya jeni) ya S inafichika mbele ya A, na mtu mwenye AS tunamhesabu kuwa mzima. Ukitazama himoglobini ndani ya seli, aleli zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja, maana mtu wa AS hutengeneza himoglobini A na himoglobini S katika seli ileile nyekundu. Ukitazama umbo la seli pale oksijeni inapopungua sana, mtu huyo anasimama katikati. Mtoto mmoja, jozi moja ya aleli, majibu matatu kuhusu utawala wa aleli, kutegemea unapotazama. Nyakati zangu nilikuwa nawaambia wanafunzi waandike kwanza wanatazama ngazi gani, ndipo wachore jedwali.

#18 Binti Usambara
Shikamoo mwalimu. Hapo umenipa jibu la swali ambalo sikujua kwamba ninalo. Kwenye (d) niliandika kwamba mtu wa AS anaonyesha mikanda miwili, mwenzangu akasema ni mkanda mmoja ulio katikati ya ule wa AA na ule wa SS, kwa kuwa AS iko katikati.

#19 Dada wa Maabara
Ndilo nililokuwa nalisubiri. Huyo mwenzako amechukua wazo la katikati na kulipeleka pasipo mahali pake. Himoglobini mbili hazichanganyiki kama rangi ya chai na maziwa. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi, valini haina, kwa hiyo himoglobini A huvutwa zaidi kuelekea ncha chanya na himoglobini S hubaki nyuma. Mtu wa AA ana mkanda wa mbele, wa SS ana wa nyuma, na wa AS ana yote miwili. Mkanda wa S kwa mbebaji aghalabu huwa mwembamba kidogo kuliko wa A, na kazini tunauona hivyo kila mara.

#20 Sina Haraka
Mchoro wetu ulikuwa na watu watatu na nakumbuka maelezo chini yake, ila niliyapita haraka. Tuende kwenye (c), ambako mimi nina amani. Niliandika kwamba miili ya Waafrika ilibadilisha jeni ili ijikinge na malaria.

#21 Mwalimu Mstaafu
Amani hiyo ni ya muda, kijana wangu. Malaria haikuleta badiliko hilo, wala mwili haukuamua jambo. Badiliko lilitokea kwa bahati, kama makosa ya mnakili anayeruka herufi. Kisha katika maeneo yenye malaria watu wa AS walinusurika utotoni kuliko wa AA, wakafika umri wa kuzaa na kuirithisha aleli hiyo. Huo ndio uteuzi asilia. Neno lako "ili" ndilo litakalokuponza, kwa sababu linaipa jeni nia.

#22 Mswahili wa Kilifi
Na hoja hii ina mizizi huku kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1949 aligundua kwamba wabebaji walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache mno nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza ni nini kilichopo pwani na ziwani kisichokuwepo milimani, na jibu likawa mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Niliandika hayo yote, na sijui kama mtahini atajali.

#23 Kijana wa CBG
Niliandika kwamba mtu wa AS hapati malaria kabisa. Angalau hapo nipeni alama moja.

#24 Dada wa Maabara
Siwezi kukupa, ndugu yangu. Watu wa AS huja maabara na vimelea damuni kila msimu wa mvua. Wanachokingwa nacho zaidi ni malaria kali, ile inayoua watoto. Na tafadhali mtu asiandike kwamba wenye SS ndio wenye kinga maradufu. Kwa mgonjwa wa selimundu malaria ni hatari kubwa, ndiyo maana anatakiwa kulala ndani ya chandarua na kufuata dawa za kujikinga anazopangiwa kliniki.

#25 Mama wa Watatu
Nathibitisha hilo. Nyumbani kwetu chandarua ni sheria.

#26 Mgeni wa Bweni
Lakini kinga yenyewe inafanyaje kazi? Niliandika kwamba kimelea kikiingia ndani ya seli hutumia oksijeni, seli ya AS inajikunja kuwa mundu, bandama linaikamata na kuiharibu pamoja na kimelea kilichomo.

#27 Binti Usambara
Mimi niliandika kwamba kimelea hakikui vizuri ndani ya seli hiyo wakati oksijeni ni kidogo. Sikutaja bandama kabisa.

#28 Mswahili wa Kilifi
Yapo maelezo ya tatu. Kimelea cha malaria kali hupeleka protini zake juu ya seli nyekundu ili seli ing'ang'anie kwenye kuta za mishipa midogo, na huko ndiko madhara ya ubongo yanakoanzia. Katika seli zenye himoglobini S kazi hiyo ya kupeleka protini huvurugika, seli haing'ang'anii vizuri. Kwa maelezo haya vimelea vinaweza kuwepo na mtu asizidiwe, jambo linaloafikiana na anachokiona Dada wa Maabara kuliko hoja ya bandama.

#29 Mwalimu Mstaafu
Na ya nne ni kwamba mwili wa mbebaji huivumilia malaria, yaani madhara hupungua hata pale idadi ya vimelea isipopungua. Wapo pia wanaosema kinga ya kawaida ya mwili hujengeka upesi zaidi kwa mtu wa AS. Wanasayansi hawajakubaliana ni ipi yenye uzito mkubwa, na huenda zote zinachangia. Kwa mtihani wa kidato cha sita, bandama na ukuaji hafifu wa kimelea ndiyo majibu niliyozoea kuyaona kwenye miongozo.

#30 Mkaa Moto
Samahani kwa kutoka kidogo kwenye swali la 4. Kwenye swali la 2, molekuli moja ya glukosi inatoa ATP (molekuli za nishati za seli) ngapi? Niliandika 38.

#31 Sina Haraka
36.

#32 Binti Usambara
Kitabu changu kipya kinasema kati ya 30 na 32. Hesabu za 36 na 38 zinachukulia kwamba kila NADH (molekuli inayobeba elektroni) inaleta ATP tatu kamili, lakini vipimo vya baadaye vinakaribia mbili na nusu. Tofauti ya 36 na 38 inatokana na gharama ya kuziingiza NADH za glaikolisisi, hatua ya kwanza ya kuvunja glukosi, ndani ya mitokondria. Nadhani mtahini atakubali aliyeonyesha hesabu, lakini siwezi kuapa. Turudi kwenye swali la 4.

#33 Mkaa Moto
Nimerudi.

#34 Mgeni wa Bweni
Wakuu, nimepata jambo. Shule ya jirani ilifanya mtihani uleule, na kwao watahiniwa waliruhusiwa kubaki na karatasi. Binamu yangu amenisomea swali lote kwa simu. Kipengele (b) hakisemi "atakayezaliwa", kwa hiyo Sina Haraka aliota. Hakisemi pia "asiye na ugonjwa", kwa hiyo penseli yangu nayo iliota. Kinamtaja mtoto wa pili kwa neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili tungelifasiri "wa kawaida", kisha kinauliza uwezekano wa yeye kuwa mbebaji.

#35 Binti Usambara
Basi imekwisha. Wa kawaida ni yule asiyeugua, chumba cha SS kinafutwa, jibu ni 2/3. Chembe Hai, pole.

#36 Sina Haraka
Haijakwisha hata kidogo. Mgeni wa Bweni, hebu mwulize binamu yako maelezo yaliyo chini ya mchoro wa (d) yanawaitaje wale watu watatu.

#37 Mgeni wa Bweni
Nimemwuliza. Mtu wa kwanza anaitwa wa kawaida, wa pili mbebaji, wa tatu mgonjwa.

#38 Sina Haraka
Ndivyo nilivyohofia. Ndani ya swali hilohilo moja, mtunga mtihani ametumia "wa kawaida" kwa maana ya AA peke yake, na mbebaji akamweka kando. Mwalimu alituonya kwenye bandiko namba 17 kwamba neno hili linabadilika kutegemea unapotazama. Tukichukua maana ya (d) tukaipeleka (b), mtoto wa pili ni AA, na uwezekano wa mtu wa AA kuwa mbebaji ni sifuri.

#39 Binti Usambara
Hakuna mtahini anayetoa alama za hesabu kwa jibu la sifuri. Ni dhahiri kwamba alikusudia asiyeugua.

#40 Mwalimu Mstaafu
Nimewahi kukaa kwenye vyumba vya kusahihishia, binti yangu, na neno "dhahiri" huwa linachukua asubuhi nzima. Kikao cha kulinganisha usahihishaji kinaweza kukubali 2/3 peke yake, au 2/3 pamoja na 1/2 kwa aliyeeleza msimamo wake. Sifuri sijawahi kuiona, ila sijawahi pia kuona swali lililojifunga kamba lenyewe namna hii.

#41 Chembe Hai
Nawashukuru wote. Niliuliza nani amepoteza alama kati ya wawili, sasa tuna 1/2, 2/3 na 0, na mwalimu wetu wa somo amesema atasahihisha kuanzia Jumatatu.

#42 Kijana wa CBG
Mimi naomba kuuliza kwa niaba ya rafiki yangu. Mtu akiacha nafasi ya jibu wazi kabisa kwenye (b), je, hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa sifuri?